UZI: West Pokot, kaunti ambako barabara huingia kortini kabla ya hakimu

#1 MtuWaChepareria (mleta uzi)

Juzi nilikuwa kwenye matatu kutoka Kitale kuja Makutano. Nyuma yangu vijana wawili wanabishana kuhusu Mzee Kenyatta. Mmoja anasema alihukumiwa pale makavazi ya Kapenguria, ndani ya vile vyumba vidogo. Mwenzake anaapa kwamba ilikuwa Lodwar, kule Turkana. Nikageuka niwaambie wote wamekosea, konda akaanza kudai nauli, halafu mara tumefika stendi. Mdomo ukabaki unawasha, kwa hivyo namalizia hapa.

Vile vyumba sita vya makavazi ni seli. Wafungwa walilala mle, lakini kesi ilisikizwa kwingine. Kapenguria ya 1952 ilikuwa kituo kidogo cha serikali mlimani, na korti ya kubeba kesi kama ile haikuwepo. Likachukuliwa darasa la shule ya kilimo, likawa mahakama. Hakimu akakaa pale ambapo mwalimu angesimama na chaki. Washtakiwa walikuwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Kesi ikaanza 3 Desemba 1952, hukumu ikasomwa 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu kwa kuongoza Mau Mau.

Hayo tulisoma shuleni. Swali ambalo hatukuulizwa kwenye mtihani ni hili: kwa nini Kapenguria?

Jibu liko barabarani. Reli iliishia Kitale. Huku juu hapakuwa na hoteli, hapakuwa na simu ya kutegemea, hapakuwa na maktaba ya sheria. Na lilikuwa eneo lililofungwa, huingii bila kibali. Nairobi umati ungejaa nje ya korti kila asubuhi. Hapa umati ungetoka wapi? Mawakili wa utetezi walilala Kitale, na kila siku ya kesi ilikuwa maili 24 za vumbi kuja na maili 24 za vumbi kurudi. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, akiwa na Dudley Thompson, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na wa hapa nyumbani Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Wakitaka kitabu cha sheria, kiko mbali. Wakitaka shahidi wa utetezi, huyo naye aombewe ruhusa ya kufika.

Kwa hiyo umbali wenyewe ulitumiwa kama askari. Ninavyoona mimi, mkoloni aliitafuta korti kwenye ramani kabla hajaitafuta kwenye sheria.

Lakini sheria ikamsumbua. Mtu hushtakiwa pale alipotenda kosa au pale alipokamatwa, na hao sita walikamatwa mbali na hapa Oktoba, hali ya hatari ilipotangazwa. Wakafanya nini? Wakawaleta Kapenguria Novemba, wakawaachilia, na papo hapo wakawakamata upya. Yaani mtu anaambiwa uko huru, anameza mate, anaambiwa uko chini ya ulinzi. Basi, sasa amekamatwa Kapenguria.

Utamu zaidi unakuja. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hii. Julai 1953 Mahakama Kuu ikasema kesi nzima ni batili, kwa sababu Thacker alikuwa ameteuliwa kwa eneo la kaskazini, na Kapenguria iko Bonde la Ufa! Mpaka wa mkoa, mstari tu kwenye karatasi, ukaangusha kesi kubwa kuliko zote katika koloni. Haukudumu ushindi huo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikautengua, hukumu ikarudi palepale.

Wenye la kuongeza karibuni. Nataka tuongee kuhusu nchi hii na korti zake, si siasa za nani alikuwa Mau Mau na nani hakuwa.


#2 Mgeni wa Mwanza

Mkuu, heshima kwako. Nondo nzito hizi. Ila sisi wa huku Tanzania umetuacha stendi. Hiyo kaunti imekaaje? Ni jangwa au ni milima? Maana nikisikia Pokot nafikiria ngamia, na wewe unaongelea darasa la shule mlimani.


#3 MtuWaChepareria

Ndugu yangu wa Mwanza, vyote viwili, na ndiyo maana ya uzi huu.

West Pokot ni kilomita za mraba kama 9,169, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 621,241. Makao makuu ni Kapenguria, ila mtu akikwambia anaenda Kapenguria mara nyingi anashukia Makutano. Makutano ndiko maduka, benki, magari. Kapenguria yenyewe iko kilomita chache kando: ofisi, hospitali, makavazi, korti.

Sasa nifuate. Toka Makutano ushike barabara kuu ya A1 kuelekea Lodwar. Unapanda kidogo, unaingia msitu wa Kamatira. Baridi, ukungu, miti imefunga. Kisha gari linainamisha pua na kuanza kuteremka. Dakika chache tu abiria wanavua masweta. Unapofika kwetu Chepareria hewa imebadilika, mbuzi wameongezeka na ng'ombe wa gredi wamepungua. Ukizidi kushuka unapita Ortum, milima imekubana pande zote, mto Muruny uko kando yako. Sebit. Halafu Marich, pale milima ya Cherang'any inapoachia pengo na unatokea nchi tambarare yenye joto. Kushoto kwako Mtelo umesimama, mita 3,336, juu kuna msitu na huku chini wewe unatafuta kivuli cha mgunga.

Upande wa kulia ni Sigor na Lomut, nchi ya maembe. Pale kuna mradi wa Wei Wei, maji yanashuka kwa nguvu ya mteremko tu, bila pampu, yanamwagilia mahindi ya mbegu. Ukirudi juu kabisa, masop kama tunavyosema, ndiko Lelan na Kapsait: viazi, kabeji, maziwa, na baridi ya kuuma masikio. Tegla Loroupe ametoka huko juu.

Magharibi ni dunia nyingine. Unatelemka Kongelai, unavuka mto Suam uliotoka mlima Elgon, unaingia Kacheliba. Huo Suam ndio baadaye unaitwa Turkwel. Una bwawa lenye ukuta wa mita 153 uliobanwa kwenye korongo, umeme wake megawati 106. Nyaya zinapita juu ya vichwa vya wachungaji kwenda Lessos. Nisiseme zaidi hapo, nitatoka nje ya mada.

Sasa weka korti moja pale juu Kapenguria, kisha mwambie mtu wa Alale, mtu wa Lomut na mtu wa Kapsait wote wafike saa tatu asubuhi.


#4 Karani Mstaafu

Mleta uzi umenena vizuri, ila niongeze vitu viwili vya kesi ile kabla sijasahau.

Kwanza, Achieng Oneko alishinda rufaa Januari 1954. Hakutoka. Waliendelea kumzuia kwa amri za hali ya hatari kama vile hakushinda kitu.

Pili, lugha. Mkalimani alikuwa Louis Leakey, yule yule mtafiti wa mafuvu ya binadamu wa kale. Kikikuyu alikijua kama mwenyeji, lakini alikuwa ameandika na kusema waziwazi dhidi ya Mau Mau, na Pritt akamkatalia: huyu anatafsiri au anatoa ushahidi? Mwisho Leakey akajitoa. Watu hudharau kazi ya mkalimani. Mimi nimekaa kortini miaka mingi, na nawaambia kesi nyingi hufia kwenye tafsiri.

Nitawapa mfano. Si West Pokot, ni korti fulani ya nchi kame ambayo sitaitaja. Mzee mmoja alikuja kama shahidi. Ametembea tangu jana yake. Akala amezishika mkononi kwa sababu kamba imekatika, vumbi limempanda hadi magotini kama soksi. Anafika, hakimu hayupo, amepata udhuru. Nikamwambia, mzee, kesi imesogezwa mbele. Akanitazama kwa makini. Akaniuliza: "Mbele hadi wapi?" Nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa tayari kuifuata. Alitaka tu kujua imesogezwa hadi mji gani, apange pa kulala.

Tangu siku hiyo sikusema tena "imesogezwa mbele". Nilikuwa nasema: hakuna kesi leo, rudi baada ya mwezi wa pili kuandama. Na nilikuwa naona aibu kusema hivyo pia.


#5 Mkaazi wa Kitale

Karani umeniua na "mbele hadi wapi" 😂

Ila wadau, hizo ni hadithi za zamani. Siku hizi kesi zinawasilishwa kwa mtandao. Tangu 2024 korti zote nchini zinapokea nyaraka kwa njia hiyo. Wakati wa korona mahakimu walisikiza kesi kwa video. Na Kapenguria sasa kuna Mahakama Kuu, zamani wa rufaa na wa kesi za mauaji walikuwa wanaletwa huku kwetu. Umbali umepungua.


#6 Binti wa Alale

Umbali umepungua kwako wewe uliye Kitale, kaka.

Kutoka kwetu Alale hadi Kapenguria ni zaidi ya kilomita mia moja. Mvua ikinyesha lagga, yaani mito ya msimu, zinajaa, na lagga ikijaa hakuna gari, hakuna pikipiki, unakaa ukingoni unangoja maji yapungue. Mtandao? Kuna kilima kimoja nyumbani watu hupanda kutafuta mawimbi. Umfikirie mama ambaye hajui kusoma amesimama kilimani na simu ya mwanawe, eti yuko kortini.

Na mleta uzi umesahau jambo. Upande wetu, Karapokot, haukuwa hata chini ya Kapenguria kwa miaka mingi. Kuanzia 1932 hadi 1970 tulisimamiwa na Uganda. Bibi yangu akiugua alikuwa anapelekwa Amudat, upande wa Uganda. Ramani ilisema tuko Kenya, lakini bwana shauri alitoka upande wa pili. Hadi anakufa, babu yangu bado alikuwa anasema "naenda Kenya" akishuka Makutano kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo nikisoma kwamba 1953 majaji walibishana kama Kapenguria ni kaskazini au ni Bonde la Ufa, nacheka. Sisi tulikuwa hatujui hata tuko nchi gani.


#7 MtuWaChepareria

Dada, umenikamata. Nakiri Karapokot niliirukia. Na ni kweli ukitaka kuuelewa uhusiano wa Kacheliba na Amudat hadi leo, mifugo inavyovuka na ndoa zinavyovuka, lazima uanzie hapo 1932.

Wewe unaonaje basi, watu wa huko kesi zao wanazipeleka wapi?


#8 Binti wa Alale

Kwenye kokwo. Chini ya mti, wazee wanakaa, kila mtu anaongea hadi amalize. Mtu amelisha shamba la mwenzake, mahari haijakamilika, mbuzi wamechanganyikana. Siku moja, mbili, kesi imekwisha na mliogombana mnarudi njia moja. Mlalamishi na mlalamikiwa wanajulikana toka tumboni, mashahidi wako palepale, hakuna nauli. Hapo siwezi kuidharau kokwo.

Ila msiipambe sana. Mimi ni mwanamke. Kwenye kokwo niliyoikuta nikikua, mama zetu walikaa pembeni, nyuma, na neno lao lilibebwa na mwanamume. Kesi ya binti aliyeozwa kwa nguvu, wazee wanahesabu ng'ombe. Kesi kama hiyo mimi ningeipanda hiyo barabara ya Kongelai kwa magoti niifikishe kwa hakimu.


#9 Karani Mstaafu

Binti umesema kweli tupu. Na katiba ya 2010 imeliona hilo. Ibara ya 159 inaziambia korti zikuze njia za jadi za kutatua migogoro, halafu hapohapo inaziwekea mpaka: zisivunje haki za binadamu, zisipingane na katiba. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ikatoa sera nzima ya jambo hili. Kwa hiyo hakimu wa leo anaweza kurudisha mgogoro wa mpaka wa shamba kwa wazee, wakapatana, karatasi ikarudi kortini ikasajiliwa. Lakini unajisi si wa kurudisha chini ya mti, na wazee wanaojaribu kuumaliza kwa mbuzi wawili wanajitafutia kesi yao wenyewe.

Mauaji ndipo pagumu. Wapokot wana lapai. Mtu akiua, deni si lake peke yake, ni la ukoo wake wote, na mifugo inakusanywa kutoka boma hadi boma. Serikali nayo inamtaka yule mmoja. Familia ya marehemu ikishalipwa, mashahidi wanapotea mmoja mmoja. Mwendesha mashtaka anaita jina, kimya. Anaita la pili, kimya. Hawajatishwa na mtu. Kwao shauri limekwisha, na wewe unawaita kwenye matanga yaliyokwisha anuliwa.


#10 Mkaazi wa Kitale

Sawa, nimenyamazishwa. Lakini suluhisho si kusogeza korti karibu? Hakimu ashuke aende Kacheliba, aende Sigor, siku fulani kila mwezi. Mbona daktari wa chanjo anafika?


#11 MtuWaChepareria

Nakubaliana, korti ya kuhamahama ndiyo inayofaa nchi ya wafugaji. Hata sheria inaruhusu hakimu kukaa nje ya kituo chake. Mkoloni aliweza kuihamisha korti nzima kutoka Nairobi hadi darasani Kapenguria ili watu wasiifikie. Haishindikani kuihamisha kilomita chache ili waifikie.

Shida ni kwamba huku hata barabara kuu si ya kuiamini. Novemba 2019 milima iliporomoka usiku: Nyarkulian, Parua, Tamkal. Makumi ya watu wakafa, wengine wakiwa wamelala. A1 ikakatika, daraja likaenda na maji. Mimi nilikuwa upande wa Chepareria, nikaona malori ya Lodwar yamepanga mstari hadi macho yanachoka. Dereva mmoja alikuwa amebeba vitunguu, vikaanza kuota. Mwaka uliofuata, Aprili, ikawa zamu ya Chesogon, mpakani na Elgeyo Marakwet, soko likafagiliwa.

Siku kama hizo nani anauliza tarehe ya kutajwa kwa kesi? Mtu ana hati ya kumwita kortini mfukoni na mlima umelala juu ya njia yake. Akikosa kufika, kwa karatasi ni mkaidi, anatolewa hati ya kukamatwa. Ningekuwa na uwezo, kila hakimu anayeletwa hapa angepewa wiki ya kwanza ya kusafiri kwa miguu na matatu: Lelan hadi Marich, Makutano hadi Alale. Asihukumu hata kesi ya kuku kabla hajamaliza.


#12 Mgeni wa Mwanza

Wakuu, mmenifundisha. Swali la mwisho kabla sijalala. Yule shahidi wa upande wa mashtaka niliyewahi kumsikia, aliyegeuka, ilikuwaje? Na mimi nikija kutembea huko nitaona nini cha hiyo kesi?


#13 Karani Mstaafu

Rawson Macharia. Alikuwa shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta. Mwaka 1958 akaapa kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa mambo ili autoe. Wakamshtaki. Kwa uongo wa 1952? La, kwa kiapo cha 1958! Akafungwa kwa kusema kwamba alidanganya. Hiyo mimi hadi leo naielezea vijana wa sheria na hawaamini.

Hakimu naye, wanahistoria wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000 kwa kazi ile. Baada ya hukumu aliondoka nchini.

Ukija, panda matatu Kitale, shuka Makutano, chukua boda hadi makavazi. Yalifunguliwa 1993. Ingia zile seli na usimame ndani moja dakika tano mlango ukiwa umerudishwa. Nje kuna nyumba za kienyeji za Wapokot na za Wasengwer, wenyeji wa msituni. Beba sweta.


#14 MtuWaChepareria

Na asubuhi yake panda Kamatira kabla ya saa moja, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Usimwambie boda ni karibu, atakutoza ya mbali.


#15 Msomaji wa Kimya

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye yule wa kwenye matatu aliyesema Lodwar.

Mzee, kwa heshima zako, sikukosea kabisa. Kenyatta alitumikia kifungo Lokitaung, na 1959 alipomaliza akawekwa Lodwar. Babu yangu aliuza samaki huko, ndiye aliyenisimulia, nikachanganya kufungwa na kuhukumiwa. Rafiki yangu wa makavazi ndiye aliyekosea zaidi.

Ila kuna jambo lingine. Ulikuwa umekaa mbele karibu na konda. Nilimpa mia mbili, hakunirudishia chenji. Uliona?


#16 MtuWaChepareria

Karibu jamvini, kijana. Lodwar nimekupa nusu alama.

Niliona. Hamsini yako alimpa mama mwenye kuku aliyeketi kati yetu, akupitishie. Mama alishukia Kanyarkwat.